Safari ya gari ya wawili Western Cape: jinsi ya kupanga barabara, misosi na mvinyo bila kugombania usukani

Watu wengi wakipanga safari ya wapenzi kule Western Cape, jimbo la Afrika Kusini lenye Cape Town, wanaanza na orodha ya mashamba ya mvinyo, wanajaza matano sita kwa siku, alafu ikifika saa nane mchana ndo wanakumbuka kuna mtu inabidi aendeshe kurudi. Hapo raha inageuka kununiana. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga kinyume, kwanza nani anaendesha na mnalala wapi, mvinyo unafuata baadae. Kanuni yangu ni moja tu: lala pale unapokunywa. Barabara ni asubuhi, glasi ni mchana gari likiwa limeshapaki na funguo ziko chumbani. Mkiishika hiyo, mambo mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Na sio suala la ustaarabu tu. Sheria ya Afrika Kusini inamtaka dereva wa kawaida awe chini ya gramu 0.05 za pombe kwa mililita 100 za damu, ukipulizishwa kipimo ni miligramu 0.24 kwa lita moja ya pumzi. Sasa piga hesabu. Kuonja kwa kawaida ni aina tano hivi, kila moja mililita 25 mpaka 30, yani ukimaliza shamba moja umeshakunywa glasi nzima ya mvinyo wa asilimia 13 au 14, na unaona kama hujanywa kitu kwa sababu ilikuja kidogokidogo. Ongeza shamba la pili na glasi ya chakula cha mchana, hapo dereva kashavuka au yuko pembeni kabisa ya kuvuka, na mwenye mwili mdogo anafika mapema zaidi. Polisi wanaweka vizuizi, hasa wikiendi na sikukuu, na ukipata ajali ukiwa umelewa usitegemee bima ya gari la kukodi ikutetee.

Mna njia tatu za kulimaliza hili na nashauri mchanganye zote. Ya kwanza ni zamu, leo wewe kesho mimi, na dereva wa leo haonewi huruma ila analipwa: yeye ndo anachagua chupa moja ya kuondoka nayo, inafunguliwa jioni mkishafika mnapolala. Ya pili ni kutema. Kila meza ya kuonjea ina ndoo yake, wataalamu wote wanatema, hakuna atakayekushangaa, unazungusha mdomoni unapata ladha yote alafu unatema. Tatizo la kutema ni kwamba mvinyo ukiwa mtamu sana mkono unakataa kwenda kwenye ndoo, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Ya tatu ni kutotumia gari kabisa siku hiyo, na kuna miji miwili huko imetengenezwa kama kwa ajili hiyo, nitafika.

Kama mmoja wenu hanywi kabisa, iwe kwa dini au kwa hiari, safari haiharibiki hata kidogo. Mashamba mengi yana juisi yao ya zabibu, chokoleti, jibini, bustani za kutembea, na misosi ndo nusu ya safari yenyewe. Tena mna dereva wa kudumu, mmeshinda wote.

Lini mwende

Cape majira yake ni kinyume na kaskazini ya dunia na mvua yake kubwa ni ya baridi, Juni mpaka Agosti. Desemba mpaka katikati ya Januari jua ni kali, giza linaingia saa mbili usiku, ila nchi nzima iko likizo, bei zinapaa na kila mgahawa mzuri umejaa. Mimi ningechagua mwisho wa Februari mpaka Aprili. Mavuno yanaanza kwenye mwisho wa Januari na kuendelea mpaka Machi au Aprili mwanzoni, kwa hiyo mnakuta matrekta yamebeba zabibu na harufu ya mvinyo unaochachuka iko kila kona, joto limepungua makali, na ule upepo wa kusini-mashariki unaosumbua Cape Town wakati wa kiangazi unaanza kutulia. Wanaotaka nyangumi waende Agosti mpaka Oktoba, maua ya porini nayo yanakuwa yametoka, ila mjiandae kwa baridi na siku za mvua, ambazo kwa kweli mkiwa wawili na kuna moto wa kuni kwenye chumba cha kuonjea wala si mbaya.

Makaratasi na gari

Paspoti ya Tanzania na ya Kenya haihitaji viza kwa matembezi ya mpaka siku 90 kwa mwaka, Wakenya waliondolewa viza Januari 2023. Ukitokea Kenya beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imepigwa siku 10 kabla ya safari, kinyume na hapo unaweza kuishia uwanjani. Leseni yako iwe na picha na iwe na Kiingereza, kama haina chukua leseni ya kimataifa kabla hujaondoka.

Kwenye kukodi gari mambo ya kuangalia ni machache ila kila moja lina hela ndani yake. Kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mkuu, wanazuia kiasi fulani kama dhamana na wanakiachia mkirudisha gari, kwa hiyo kadi iwe na nafasi ya kutosha, hela ya dhamana isile bajeti ya chakula. Andikisheni madereva wawili hata kama kuna ada ya ziada, maana zamu zetu zote zinategemea hapo na asiyeandikwa kwenye mkataba akiendesha bima haimtambui. Soma kipengele cha matairi, kioo cha mbele na barabara za changarawe, sehemu nyingi hayo matatu yako nje ya bima ya kawaida. Gari dogo linatosha kabisa, njia yote nitakayoelezea ni lami nzuri isipokuwa kipande kimoja ambacho ni cha hiari. Chukueni otomatiki kama mnaweza, kona za milimani na kubadilisha gia huku mwenzio anasema "simama hapo nipige picha" ni kazi.

Wanaendesha kushoto. Kasi ni 60 mjini, 100 barabara za kawaida za nje ya mji, 120 kwenye barabara kuu kubwa, fuata kibao na kamera zipo, faini inawafuata mpaka kwenye kampuni ya gari nao wanaongeza ada yao juu. Kwenye makutano yenye kibao cha stop pande zote nne, aliyefika kwanza ndo anaondoka kwanza, na watu wanaheshimu kweli. Ukiona gari la mbele linasogea kwenye bega la barabara nyuma ya mstari wa njano, anakupisha, pita alafu washa hazadi mara moja mbili kumshukuru. Sheli hujazi mafuta mwenyewe, kuna mhudumu, atajaza, atafuta kioo, mpe randi tano au kumi. Wale wanaovaa vizibao vya kung'aa wanaolinda magari barabarani nao wape chochote mnapoondoka.

Usalama ni wa kawaida tu wa kujiangalia. Usiache kitu chochote kinachoonekana ndani ya gari hata kama ni koti, mabegi yapakieni kwenye buti kabla ya kuondoka hotelini na sio mkifika mnapopaki. Msiendeshe usiku nje ya miji. Na kwenye barabara za milimani na pwani kuna nyani, wazuri wa picha ila wanaingia ndani ya gari kabisa wakiona chakula, fungeni vioo na msiwape kitu.

Cape Town, siku mbili tatu za kuanzia

Siku ya kufika msichukue gari bado. Chukueni teksi ya kwenye simu, mlale mjini, alafu siku inayofuata ileile teksi iwapeleke Constantia, dakika kama 20 tu kutoka katikati ya mji. Huko ndo mvinyo wa Cape ulipopata jina. Groot Constantia ilianza 1685, ilikuwa ya gavana Simon van der Stel, na ule mvinyo mtamu wa Constantia ulisifika Ulaya kiasi kwamba Napoleon akiwa kifungoni kisiwa cha St Helena alikuwa akiletewa. Jirani pale Klein Constantia bado wanatengeneza wa aina hiyo, unaitwa Vin de Constance, chupa yake bei inatisha ila kuonja kidogo inawezekana. Mrudi na teksi, mlale vizuri.

Chakula cha Cape Town anzeni na Bo-Kaap, ule mtaa wa nyumba za rangirangi. Wakazi wake wengi ni kizazi cha watu walioletwa na Waholanzi kama watumwa na wafungwa kutoka Indonesia, India na sehemu nyingine za Bahari ya Hindi, wakaja na viungo na Uislamu wao. Kari zao hazichomi sana, zina mdalasini na iliki na utamu wa matunda makavu kwa mbali. Tafuteni bobotie, nyama ya kusaga yenye viungo na zabibu kavu iliyookwa na tabaka la mayai na maziwa juu, inakuja na wali wa njano. Migahawa ya Bo-Kaap mingi ni halali na haiuzi pombe, heshimuni hilo, msiingie na chupa yenu.

Siku ya gari ya kwanza iwe ya rasi, na iwe siku kavu bila mvinyo mchana. Ujanja ni mwelekeo. Nendeni chini kwa upande wa False Bay, Muizenberg, Simon's Town mkawaone pengwini wa Boulders, mpaka Cape Point, alafu mpande kwa upande wa Atlantiki mkitokea Noordhoek kuelekea Hout Bay. Hivyo mkifika Chapman's Peak Drive mtakuwa upande wa bahari, abiria anakaa kushoto bahari iko chini yake kabisa na vituo vya kusimama mnaingia bila kukata barabara. Ni kilomita 9 zenye kona 114, ilichongwa kwenye mwamba kati ya 1915 na 1922, ina ushuru wa kulipia na kuna siku inafungwa kwa sababu ya mawe au upepo, angalieni asubuhi kabla ya kuondoka. Hout Bay kuna samaki wa kukaanga na chipsi wa kula bandarini na vidole.

Stellenbosch na Franschhoek, hapa ndo pa kutulia

Stellenbosch iko kama kilomita 50 kutoka Cape Town, ilianzishwa 1679, mji wa chuo kikuu, mialoni mikubwa na nyumba nyeupe za Kiholanzi, na unatembeleka kwa miguu. Laleni usiku mbili karibu na Dorp Street. Siku moja bakini mjini kwa miguu, vyumba vya kuonjea vipo palepale katikati na teksi za simu zinafanya kazi kwa mashamba ya karibu. Siku ya pili nendeni na gari shamba moja au mawili tu ya mbali kidogo, ya maana, na dereva ateme.

Lipi? Inategemea mnachopenda. Kama mnataka kuielewa Pinotage nendeni Kanonkop, ni zabibu ya hukohuko Stellenbosch, profesa Abraham Perold aliichanganya 1925 kutoka Pinot Noir na Cinsault. Kuna Pinotage mbovu nyingi duniani zinazonuka kama mpira umeungua, kwa hiyo onjeni nzuri kabla hamjaikataa. Kama mmoja wenu hana mzuka sana na mvinyo, Waterford wana kuonja kwa mvinyo na chokoleti, inawaingiza watu wengi wasioamini. Mvinyo wa mapovu wa Cape, ule unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa kama wa Champagne, ulianzia Simonsig 1971, nao wapo hapohapo. Ila msifanye yote matatu siku moja. Mawili kwa siku ya gari ndo kipimo, la asubuhi saa nne na nusu na la mchana lenye chakula. La tatu hamtalikumbuka ladha yake na mtalilipia vilevile. Ada ya kuonja ipo karibu kila mahali, mara nyingi ukinunua chupa wanaifuta au wanaipunguza, ulizeni kabla. Na wekeni nafasi, wikiendi hasa, hii ya kufika tu mlangoni inafanya kazi Jumanne.

Kutoka Stellenbosch kwenda Franschhoek piteni R310 juu ya njia ya mlimani ya Helshoogte, ni kilomita kama 30 tu lakini tengeni asubuhi nzima maana milima inafunguka mbele yenu, na njiani mnaipita Boschendal, shamba la 1685, wanapoandaa kikapu cha pikniki mnakula kwenye majani chini ya miti. Hiyo ningeiweka juu ya migahawa mingi ya bei mbaya. Babylonstoren nayo haiko mbali na njia hiyo, upande wa Simondium, bustani kubwa ya mboga na matunda ambayo mgahawa unapika kutoka humo, meza zake zinaisha mapema sana kwa hiyo kama mnaitaka ndo iwe kitu cha kwanza kuweka nafasi mkiwa bado nyumbani.

Franschhoek ni bonde dogo walilopewa Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa, mwaka 1688. Kijiji kina barabara kuu moja na migahawa ambayo watu wanatoka Cape Town kuja kula tu. Na hapa ndo mji wa pili wa kutogusa gari: kuna tramu ya mvinyo, Franschhoek Wine Tram, inafanya kazi tangu 2012, mnachagua laini moja kati ya kadhaa, mnapanda na kushuka kwenye mashamba mnayotaka, tramu na mabasi yao yanawazungusha mpaka jioni. Ni ya kitalii, ndio, mtakaa na watu wa kofia na picha za kutosha, lakini siku hiyo hakuna dereva na wote wawili mnakunywa sawa, kwa wapenzi hiyo ni kubwa. Chukueni laini yenye mashamba machache mnayoyataka kweli, shukeni matatu kwa wingi, na moja kati ya hayo muweke chakula cha mchana. Laleni ndani ya kijiji ili usiku mrudi kutoka mgahawani kwa miguu.

Neno kuhusu migahawa. Afrika Kusini sehemu nyingi wanakuruhusu uje na chupa yako mwenyewe, mnalipa ada ya kufunguliwa tu. Kwa hiyo ile chupa ya dereva mliyonunua shambani inakuja mezani kwa gharama ndogo kuliko ya menyu. Pigeni simu kuuliza kwanza. Bakshishi ni asilimia 10 mpaka 15, angalieni bili, wakati mwingine imeshawekwa.

Kuvuka mlima kwenda Robertson

Asubuhi ya kuondoka Franschhoek jazeni mafuta, shusheni ramani kwenye simu maana mbele kuna vipande havina mtandao, na pandeni Franschhoek Pass kwa R45. Juu kuna sehemu za kusimama, bonde lote liko chini yenu, mkiwa na chai kwenye chupa hapo ndo pa kuinywea. Mnashuka upande wa pili kwenye bwawa la Theewaterskloof, mnashika R43 kupita Villiersdorp mpaka Worcester alafu R60 kwenda Robertson. Msikimbie, ni asubuhi moja tu.

Robertson ni bei nafuu, watu wachache, na wenye shamba mara nyingi ndo wanaokumiminia. Ardhi yake ina chokaa, ndo maana Chardonnay, zabibu ya mvinyo mweupe, inakubali, jaribuni De Wetshof au Springfield. Graham Beck ni wa mapovu, na Viljoensdrift wana boti inayowatembeza kwenye mto Breede, mnanunua chupa na vitafunio vyenu pale mnapanda. Hapa tafuteni kijumba ndani ya shamba lenyewe, vipo vingi, vina jiko la nje la kuchomea nyama. Usiku mmoja mfanye braai, yani nyama choma ya kwao: kondoo, boerewors ile soseji ndefu ya kuzungushwa, na mikate ya roosterkoek juu ya makaa. Kuni za mzabibu zinauzwa, zinatoa makaa mazuri. Nyama ya kondoo wa Karoo, ile nyika kavu ya bara, na Shiraz ya hapo, mvinyo mwekundu, sina la kuongeza.

Route 62

Kutoka Robertson mnaingia Montagu kwa kupita Cogmanskloof, korongo lenye mwamba uliotobolewa barabara ipite, kazi ya mjenzi wa barabara za milimani Thomas Bain ya 1877. Montagu kuna chemchemi za maji moto na matunda makavu ya kila aina, nunueni ya njiani. Kutoka hapo R62 inanyooka, milima kulia na kushoto, vijiji vidogo, na kila baada ya muda kuna padstal, vibanda vya mashambani vinavyouza pai, jamu, biltong (nyama iliyokaushwa) na keki. Kwa mchana wa barabarani kula humo, usitafute mgahawa. Barrydale simameni kahawa na kunyoosha miguu, mbele kidogo ya mji kuna baa maarufu Ronnie's Sex Shop ambayo haiuzi chochote cha jina lake, marafiki walimchorea mwenyewe neno la katikati ukutani kama utani na likamtajirisha. Piga picha, mbele.

Lengo la siku ni kulala Calitzdorp, kwa sababu huko ndo kwenye mvinyo mzito mtamu wa mtindo wa Ureno, ulioongezwa spiriti ya zabibu, Boplaas na De Krans ndo majina makubwa. Una asilimia 17 mpaka 20 za pombe, kwa hiyo hapa ile kanuni ya kulala unapokunywa haina mjadala. Chukueni na jibini gumu na lozi baada ya chakula, glasi ndogo.

Kesho yake ni Oudtshoorn, mji wa mbuni, kilomita kama 50. Walitajirika na manyoya ya kofia za wanawake wa Ulaya mpaka biashara ilipoanguka 1914, majumba yao bado yapo. Kuleni steki ya mbuni, nyama nyekundu isiyo na mafuta, iagizeni isiive sana maana ikiiva inakuwa soli ya kiatu. Kipande cha hiari nilichosema ni Swartberg Pass, changarawe tupu mpaka mita 1,583 juu, Bain tena, ilifunguliwa 1888 kwa nguvu za wafungwa. Ni barabara nzuri kuliko zote kwenye safari hii, kuta za mawe makavu bila saruji, lakini ikiwa na mvua iacheni, na kama mkataba wa gari unakataza changarawe iacheni vilevile.

Kurudi

Kutoka Oudtshoorn mnashuka Outeniqua Pass mpaka George, na hapo mna uamuzi. Mkiwa na siku chache rudisheni gari uwanja wa ndege wa George mruke kurudi, kuna ada ya kuliacha mji mwingine ila inaokoa kilomita 430 za barabara kuu ya N2. Mkiwa na muda, nendeni kwanza Knysna, kama kilomita 60 mashariki, mle chaza na mapovu baridi, lala usiku moja mbili, alafu rudini na N2 polepole mkilala Hermanus.

Hermanus kuanzia Juni mpaka Novemba nyangumi wanaonekana kutoka kwenye majabali, hamhitaji hata boti. Nyuma ya mji ni bonde la Hemel-en-Aarde, hewa ya bahari inalipoza, kwa hiyo Pinot Noir na Chardonnay ndo zenyewe, Hamilton Russell, Bouchard Finlayson, na Creation ambao kila glasi inakuja na kitafunio chake kilichopikwa kwa ajili yake. Creation iwe ndo chakula chenu cha mchana, kinawatosha. Siku ya mwisho msirudi na N2, shikeni R44 kupitia Betty's Bay na Rooi-Els mpaka Gordon's Bay, ile inaitwa Clarence Drive, na kwa kuwa mnatokea huku bahari iko kushoto kwenu njia nzima.

Chupa za kupeleka nyumbani zifungeni ndani ya nguo katikati ya begi kubwa, kwenye begi la mkononi haziruhusiwi. Mkiwa mmenunua vitu vya kuondoka navyo zaidi ya randi 250 mnaweza kurudishiwa VAT ya asilimia 15 uwanjani, ila risiti iwe imeandikwa Tax Invoice na chupa wazione kabla begi halijakabidhiwa, kwa hiyo fikeni mapema. Mvinyo mlioshakunywa haurudishiwi kitu. Na Afrika Mashariki forodha wanaruhusu lita mbili za mvinyo kwa mtu mzima bila ushuru, yani chupa mbili za mililita 750 kila mmoja na nafasi kidogo inabaki, nne kwa wote wawili. Zikizidi tangazeni mlipie, au zifungueni Hermanus.